Risasi Ambayo Haikupigwa

Mshale unaotoka kwenye upinde wa kisasa hukimbia mita 85 hivi kwa sekunde. Mlio wa uzi wa upinde huo hukimbia mita 340. Kulungu aliyesimama mita 27 kutoka kwa mwindaji husikia uzi ukilia kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijatimia, ilhali mshale unahitaji karibu theluthi ya sekunde kumfikia. Katika ile robo sekunde iliyo katikati, kulungu mwenye wasiwasi hukunja miguu yote minne na kushusha kiwiliwili. Hamkwepi mtu, wala hajui kama kuna mshale. Anajikunja tu ili apate nguvu ya kuruka. Lakini mshale uliolengwa mapafuni unakuta mapafu yameshuka. Unapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unazama kwenye nyama ya juu mahali ambapo hauui.

Kwa sababu hiyo mwindaji mzoefu wa upinde huangalia masikio kabla ya kuangalia pembe. Kulungu anayekula ameinamisha kichwa, mkia unachezacheza, huyo anaweza kufikiriwa. Kulungu aliyeinua shingo, masikio yameelekea mtini, mguu mmoja wa mbele unagonga ardhi, huyo ameshajiandaa kwa jambo asilolijua. Umbali ni ule ule, mnyama ni yule yule, na upinde hauna hitilafu. Mwindaji anaulegeza uzi polepole na kumwacha aende.

Marekani inakadiriwa kuwa na kulungu wa mkia mweupe wapatao milioni 30. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki laki chache tu, baada ya miaka mingi ya kuuawa kwa ajili ya soko la nyama na ngozi. Walirudishwa na sheria kali, misimu mifupi na fedha: bunduki za kuwindia na risasi zinazouzwa nchini humo zinatozwa ushuru wa asilimia 11, na kwa sheria ya mwaka 1937 fedha hizo hurudi majimboni kutunza wanyamapori. Wisconsin peke yake, ifikapo Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani, zaidi ya watu nusu milioni huwa na leseni ya msimu wa bunduki wa siku 9. Wengi wao hupanda dungu lililofungwa mtini, mita 4 au 5 juu ya ardhi, wakakaa humo tangu giza la alfajiri, vidole vimekufa ganzi.

Asiyewinda hudhani watu hawa wamekwenda kufyatua. Ukiwasikia wakisimulia jioni, hadithi nyingi ni za wanyama waliowaona na kuwaacha.

Huruma imo katika hadithi hizo, lakini mara nyingi si sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ni namna mnyama alivyosimama. Moyo na mapafu ya kulungu mzima hukaa katika eneo lenye upana wa sentimita 20 hadi 25 hivi, nyuma tu ya bega. Ndiyo maana wawindaji wengi hujipima kwa sahani ya karatasi iliyobandikwa kwenye robota la nyasi: umbali ambao mtu anaanza kukosa sahani ndio mwisho wa umbali wake, hata kama jirani yake anapiga mara mbili ya hapo. Kulungu akisimama ubavu wazi, sahani yote iko mbele yako. Akigeuka kidogo upande, mkia ukiwa karibu nawe kuliko kichwa, ni vizuri pia, hasa kwa mshale, kwa kuwa njia ya kwenda mapafuni haina mfupa mkubwa. Akikutazama uso kwa uso, kifua chake ni ukuta wa mifupa wenye mlango mwembamba. Akikupa mgongo, unachokiona ni mapaja na utumbo. Madarasa ya uwindaji, ambayo New York ilikuwa jimbo la kwanza kuyafanya ya lazima mwaka 1949, hurudia somo hili hadi linachosha: subiri ageuke. Asipogeuka, basi.

Anayepuuza somo hilo huwa na usiku mrefu. Damu yenye rangi ya waridi na mapovu ina maana ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi kidogo, nzito, ni ya ini. Mtu anashauriwa kusubiri saa kadhaa kabla ya kufuata. Kama mshale umetoka na majimaji ya kijani yanayonuka, umepita tumboni, na hapo ushauri ni kusubiri saa 6, saa 12, pengine hadi asubuhi, kwa sababu kulungu aliyejeruhiwa tumboni hulala karibu asipofukuzwa, na akifukuzwa huenda kilomita nyingi. Wakati huo huo mbweha wakubwa wa huko, wanaoitwa coyote, wana pua zao. Nyama nayo inaharibika ikiwa usiku una joto. Majimbo mengi sasa yanaruhusu mbwa wa kufuata damu, akiwa amefungwa kamba, na wapo watu wanaotumia msimu mzima wakiitwa huku na huko na wawindaji waliopatwa na aibu hiyo.

Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi katika kambi ya jeshi la majini la Indian Head, Maryland, ambako wapiga upinde walipaswa kufuzu mtihani wa shabaha na kuripoti kila walichofanya, ulionyesha kwamba yapata asilimia 18 ya kulungu waliopigwa mishale hawakupatikana. Hao walikuwa wapigaji waliochujwa. Takwimu hiyo inawakera watetezi wa upinde na kuwafurahisha wapinzani wa uwindaji, lakini mwindaji mwenyewe akiwa juu ya dungu haitumii kwa mjadala. Anaitumia kujiuliza kama jua linazama baada ya dakika kumi, kama mvua inakuja na itafuta alama za damu, kama mpaka wa shamba la jirani asiyependa wageni uko mita 50 nyuma ya yule mnyama. Kulungu aliyepigwa vizuri huweza bado kukimbia mita 50 au 100. Akivuka uzio na kufia upande wa pili, katika majimbo mengi mwindaji hana haki ya kumfuata bila ruhusa. Basi anamwacha apite, na nyumbani anasema hakuona kitu cha kupiga. Ni uongo mdogo, na pengine ndio unaosemwa zaidi katika Novemba ya Marekani.

Kisha kuna kilicho nyuma ya mnyama. Risasi ya bunduki ya kulungu huenda kilomita kadhaa ikiwa haikukutana na kitu. Kulungu aliyesimama juu ya kilele cha kilima, mbingu nyuma yake, ni picha nzuri sana na ni shabaha mbaya kuliko zote, kwa kuwa hakuna udongo wa kuipokea risasi itakayompita. Kilima kile kile, mnyama akishuka mita tano, kinakuwa salama. Wawindaji wazuri huchora ramani hii akilini kabla ya jua kuchomoza: huku kuna barabara, kule kuna banda la ng'ombe, pale kaka yangu amekaa. Upande fulani wa msitu unakuwa umefungwa hata kabla ya siku kuanza.

Jimbo la Maine lilijifunza kwa uchungu. Mwezi Novemba 1988, mama mmoja aliyekuwa nyuma ya nyumba yake, amevaa glavu nyeupe, aliuawa kwa risasi ya mtu aliyeamini ameona mkia wa kulungu. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia mwindaji huyo mwaka 1990, na jimbo likagawanyika vibaya: wapo waliouliza kwa nini mama huyo hakuvaa nguo za rangi ya chungwa, wengine wakauliza tangu lini mtu anahitaji sare ya kutoka uani kwake. Mwaka uliofuata sheria mpya ilipitishwa. Inamtaka mwindaji aone kichwa na kiwiliwili cha mnyama bila kizuizi cha maana kabla hajafyatua. Sauti peke yake haitoshi, rangi haitoshi, kiungo kimoja kilichochomoza kichakani hakitoshi. Kwa maneno mengine, Maine iliandika shaka ndani ya sheria na kuifanya wajibu. Wanaoisoma kwa haraka huiona kama kikwazo. Wanaoijua misitu ya pale, ilivyosongamana, wanajua kwamba sheria hiyo pekee inazuia risasi nyingi kila mwaka kuliko huruma yote ya jimbo zima.

Hadi hapa anayezuia mkono anaogopa matokeo. Ukifika Pennsylvania, mambo yanabadilika, kwa maana huko kuacha kupiga kulikuwa siasa.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Pennsylvania ilifundisha vizazi kwamba mwanamume haui jike. Sheria ya mwaka 1907 ilikuwa imelinda kulungu wasio na pembe ili idadi iliyokuwa imeporomoka ipande tena, na ilipopanda watu walishikilia kanuni kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Dume lolote lenye pembe lilikuwa halali, hata la mwaka mmoja na nusu lenye vijiti viwili tu kichwani. Matokeo yake yalikuwa kundi kubwa la majike na madume machache mno waliowahi kufikisha miaka mitatu. Misitu ililiwa kutoka chini: miche ya mialoni, maua ya porini, kila kitu kilicho chini ya kimo cha shingo ya kulungu. Wataalamu walipozungushia uzio vipande vya msitu, ndani kulijaa kijani na nje kukabaki majani makavu na jangwa la mikangaga.

Mwaka 1999 Tume ya Wanyamapori ya jimbo hilo ilimkabidhi kazi Gary Alt, mwanabiolojia aliyekuwa akipendwa kwa utafiti wake wa dubu. Alizunguka mikutanoni akieleza mambo mawili ambayo wengi hawakutaka kuyasikia: pigeni majike zaidi, na waacheni madume wadogo. Upinzani ulikuwa mkali kiasi kwamba baadhi ya mikutano alihudhuria akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi. Kuanzia mwaka 2002 dume halali lilipaswa kuwa na ncha zisizopungua 3 kwenye pembe moja, na 4 katika kaunti za magharibi. Ghafla watu laki kadhaa waliozoea kupiga dume la kwanza walilazimika kukaa kimya, kutoa darubini na kuhesabu. Wengine walitukana. Alt aliondoka kazini mwishoni mwa mwaka 2004. Kanuni ilibaki, na wanaowinda Pennsylvania leo wanaona madume ambao babu zao waliwaona kwenye kalenda tu.

Kusini walikuwa wameanza mapema zaidi, na kwa hiari. Mwaka 1975 huko Texas, Al Brothers na Murphy Ray walichapisha kitabu kuhusu namna ya kulea madume bora kwa kuwaacha wakue, na mwaka 1988 Joe Hamilton wa South Carolina alianzisha chama kilichokuja kuitwa, baada ya kuungana na kingine mwaka 2020, Chama cha Kitaifa cha Kulungu. Takwimu za chama hicho zinasema kwamba mwaka 1989 asilimia 62 ya madume waliouawa Marekani walikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Siku hizi wako chini ya theluthi moja. Nyuma ya mabadiliko hayo yako mamilioni ya dakika ambazo mtu alikuwa na dume halali mbele ya mtutu na akaamua kumpa mwaka mwingine.

Sifa hiyo inafaa ipunguzwe kidogo. Katika majimbo kama Ohio na Kentucky mwindaji anaruhusiwa dume mmoja kwa mwaka. Ukimpiga kijana mwenye pembe za penseli asubuhi ya kwanza, umejifungia msimu mzima wa madume. Yule mkubwa akipita jioni utamtazama tu. Kumwacha mdogo, basi, ni dau la mcheza kamari kuliko fadhila ya mtawa. Wapo pia wanaoacha kwa sababu ya majivuno: wameweka msituni kamera zinazopiga picha zenyewe, wamewapa madume majina, wamemchagua mmoja, na wengine wote wamekuwa si kitu kwao. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwaacha kulungu thelathini kwa msimu bila kuwafikiria hata kidogo.

Msomaji wa Tanzania ataitambua hesabu hii ya umri. Tangu mwaka 2010 simba dume anayewindwa katika vitalu vya nchi anatakiwa awe na miaka isiyopungua 6, kanuni iliyotokana na utafiti wa Serengeti wa Craig Packer na wenzake. Walionyesha kwamba dume aliyekwisha kulea watoto wake akiondolewa, kundi haliyumbi sana, lakini akiuawa mapema dume mgeni huingia na kuua watoto waliopo. Mwindaji mzembe na mwenye darubini mbaya yuko taabani hapo, kwa sababu umri wa simba unasomwa kwenye vitu vidogo kama weusi unaoongezeka puani. Kwa kulungu watu husoma shingo, tumbo na mgongo: kijana ana miguu mirefu kuliko mwili, mzee ameshuka tumbo na shingo yake imeungana na kifua. Katika nchi zote mbili mwenye shaka anatakiwa ashushe bunduki.

Mtu aliyeunganisha Marekani na Afrika Mashariki kwa uwindaji alikuwa rais. Novemba 1902 Theodore Roosevelt alikuwa Mississippi akiwinda dubu, na kwa siku kadhaa hakupata. Kiongozi wa msafara, Holt Collier, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani na kuwa mwindaji mashuhuri wa dubu, alimfukuza dubu mmoja kwa mbwa, akampiga kichwani kwa kitako cha bunduki na kumfunga mtini ili rais aje apige. Roosevelt alifika, akatazama, akakataa. Kumpiga mnyama aliyefungwa hakukuwa uwindaji. Siku chache baadaye mchoraji Clifford Berryman alilichora tukio hilo katika gazeti la Washington Post, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, akashona mwanasesere wa dubu akampa jina la rais. Ndiyo asili ya dubu wa kitambaa aliye kwenye vitanda vya watoto hadi Sinza na Eastleigh.

Sehemu ambayo haikuchorwa ni kwamba Roosevelt aliamuru dubu huyo, aliyekuwa ameumia vibaya, auawe kwa kisu. Na Aprili 1909 alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, na katika msafara wao wakaua wanyama 512, wengi kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Wanaomsoma kama mnafiki wanakosea kidogo. Kwa Roosevelt, aliyeasisi Klabu ya Boone na Crockett mwaka 1887 pamoja na George Bird Grinnell, swali halikuwa mnyama afe au asife. Lilikuwa kama alipewa nafasi ya kukimbia. Kizazi chake kiliona kulungu wa milima ya Adirondack wakifukuzwa na mbwa hadi ziwani, kisha wakipigwa wakiogelea na watu waliokaa kwenye mashua. New York ilipiga marufuku mchezo huo mwishoni mwa karne ya 19, na heshima ya kutopiga bila ushindani ikawa desturi ya kundi lile la matajiri kabla haijawa sheria kwa wote. Desturi hiyo haikuweka kikomo cha idadi, na 512 ni idadi.

Jike mwenye watoto ni kesi ngumu kuliko zote, na hapa wawindaji na wanasayansi hawaelewani kabisa. Mwindaji anaona jike ametoka kichakani Novemba, watoto wawili nyuma yake, na mkono unakataa. Mwanabiolojia anamwambia watoto hao walizaliwa Mei au Juni, wameacha kunyonya tangu Agosti au Septemba, na wataishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia ulikwenda mbali zaidi: madume wadogo waliopoteza mama zao walihama kwao mara chache kuliko wenye mama, na walikufa kidogo kuliko wao, kwa kuwa ni mama anayemfukuza kijana wake aende ugenini, na ugenini ndiko kuna magari na bunduki. Ushahidi uko wazi. Mkono bado unakataa, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuucheka.

Aldo Leopold aliijua gharama ya mkono huo. Mwaka 1909, akiwa mfanyakazi kijana wa idara ya misitu huko Arizona, alishiriki kumuua mbwamwitu jike, akiamini kwamba mbwamwitu wakipungua kulungu wataongezeka. Waliongezeka, na milima ikaliwa hadi ikavuliwa nguo. Alikuja kuandika kuhusu kifo cha mbwamwitu yule katika kitabu kilichotoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Kabla ya hapo, mwaka 1943, akiwa mjumbe wa tume ya uhifadhi ya Wisconsin, aliunga mkono msimu ulioruhusu majike kuuawa. Kulungu kama 128,000 waliuawa, na raia waliita jambo hilo jinai ya mwaka arobaini na tatu. Leopold alishambuliwa hadi mwisho wa maisha yake na watu waliokuwa wakiona njaa ya kulungu kila majira ya baridi na bado hawakutaka jike apigwe. Ni yeye huyo huyo aliyeandika kwamba mwindaji, tofauti na mchezaji uwanjani, hana watazamaji wa kumpigia makofi wala kumzomea. Sheria anayoifuata akiwa peke yake ni ile aliyoibeba mwenyewe.

Kuna wanyama ambao karibu kila mtu huwaacha. Wisconsin inamlinda kulungu mweupe kwa sheria. Katika kaunti ya Seneca, jimbo la New York, jeshi lilizungushia uzio maelfu ya ekari mwaka 1941 kuhifadhi silaha, na kulungu waliokuwemo wakabaki ndani. Baadaye wachache weupe walianza kuonekana, na mkuu wa kambi akawakataza askari wake kuwapiga weupe, huku wa kawaida wakiendelea kuwindwa. Kwa amri hiyo kundi lilikua hadi kufikia yapata weupe 200, kubwa kuliko jingine lolote linalojulikana duniani. Kibiolojia hawana faida yoyote maalumu; ni rangi iliyopitishwa na damu iliyofungiwa mahali pamoja. Hata hivyo maghala yaliyojengwa kwa ajili ya mabomu yakaja kuwa kivutio cha watalii kwa sababu ya askari waliokatazwa kufyatua.

Wapo wanaoacha kwa sababu za kawaida kabisa, ambazo hazipewi nafasi vitabuni. Friza imejaa. Mgongo unauma, na dume la kilo 80 linapaswa kukokotwa kilomita moja na nusu hadi kwenye pikapu, kuvuka kijito. Mtoto wake yuko kwenye dungu la pili na baba anataka kulungu huyu amfikie yeye. Au ni saa mbili asubuhi ya siku ya kwanza, na akimpiga huyu atalazimika kurudi nyumbani kusaidia kuosha vyombo vya sherehe. Robert Jackson na Robert Norton wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko La Crosse, waliowahoji wawindaji wengi katika miaka ya 1970, waliona mwendo unaojirudia: kijana hutaka kufyatua tu, kisha hutaka kufikisha idadi aliyoruhusiwa, kisha hutaka pembe kubwa, kisha hujali mbinu, na mwishowe hufurahia kuwapo. Si wote hufika mwisho, na wengine hurudi nyuma Novemba ikiwa mbaya. Lakini ukipanda dungu na mtu wa miaka 65, jiandae kurudi mikono mitupu na bila malalamiko.

Hollywood iliipenda hatua hiyo ya mwisho. Katika filamu ya Michael Cimino ya mwaka 1978, The Deer Hunter, fundi wa chuma wa Pennsylvania aliyechezwa na Robert De Niro anasisitiza kwamba kulungu auawe kwa risasi moja; akirudi kutoka Vietnam anampata dume kwenye shabaha na kumwachia. Wawindaji wa Pennsylvania hulikosoa onyesho hilo kwa jambo jingine: lilirekodiwa kwenye milima ya jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi, na mnyama mwenyewe si kulungu wa mkia mweupe.

Sasa kuna mahali ambapo serikali imeanza kuwaomba watu waache kuacha. Ugonjwa sugu wa kukondesha, uliogunduliwa kwa kulungu wa kufugwa huko Colorado mwaka 1967, husababishwa na protini zilizopinda zinazotoboa ubongo polepole. Hauna dawa wala chanjo, na protini hizo hubaki kwenye udongo kwa miaka. Wanaousambaza mbali ni madume vijana, kwa sababu ndio wanaohama. Missouri ilipoupata kwenye kulungu wa porini, mwaka 2012 iliondoa sharti la ncha za pembe katika kaunti sita zilizokuwa hatarini. Mwindaji aliyefundishwa kwa miaka kwamba kijana aachwe akue aliambiwa sasa kijana huyo ndiye anayepaswa kupigwa. Wisconsin, iliyoupata mwaka 2002, ilikuwa tayari na kanuni ya kumlazimisha mtu apige asiye na pembe kwanza ndipo aruhusiwe dume. Wanasayansi waliipenda. Wawindaji waliichukia kwa sababu iliwanyima uamuzi wao wa mwisho, ule wa kutazama mnyama na kusema hapana, na mwaka 2011 bunge la jimbo liliifuta. Ugonjwa umeendelea kuenea kaunti hadi kaunti.